Mnaouliza bata la Aspen liko wapi

Mjomba, umeniuliza kwenye grupu la familia, tena mbele ya shangazi zako wote: "Huko Aspen matajiri wamejaa, mbona hatukuoni ukila bata?" Sawa, nakujibu, maana Aspen, huu mji wa kuteleza kwenye theluji katika jimbo la Colorado, Marekani, nyuma ya kaunta ya baa ndipo ninapopatia riziki.

Kwanza, usiku wa huku unaanza saa tisa alasiri. Sikutanii. Lifti za mlimani zikikaribia kufungwa, watu wanashuka na theluji yao mabegani na kuingia baa moja kwa moja, wamevaa yale mabuti magumu ya kuteleza, wanatembea kama bata. Hao ndio bata ninaowaona mimi. Huko juu kwenye mlima wa Aspen Highlands kuna mgahawa uliojipatia jina, Cloud Nine, kwa watu wazima kupanda juu ya meza mchana kweupe na kumwagiana shampeni. Kuinywa ni baadaye, wakikumbuka. Ikifika saa nne usiku wengi wao wako kitandani, kwa sababu asubuhi wanataka kuwahi mlima.

Wanaobaki nao wana kikomo. Sheria ya Colorado ni kwamba saa nane usiku mauzo ya pombe yanakoma. Ule mtindo wenu wa kukesha Sinza mpaka supu ya asubuhi, hapa sahau. Na kama hujatimiza miaka 21, bia utaitazama tu.

Baa ninayoipenda mimi ni J-Bar, iliyo ndani ya Hotel Jerome. Hoteli ilifunguliwa 1889, wakati mji huu ukiishi kwa machimbo ya madini ya fedha. Wanasimulia kwamba serikali ilipopiga marufuku pombe, pale pakageuzwa duka la soda na aiskrimu, na wateja wakawa wanaomba maziwa yao ya vanila "yachangamshwe" kidogo kwa wiski. Kinywaji hicho kinauzwa hadi leo, jina lake Aspen Crud. Sisi wa Marangu ujanja huo hatuhitaji kuelezwa.

Halafu kuna urefu wa mahali penyewe. Mji uko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kama mita 300 tu chini ya vibanda vya Mandara kule kwetu Kilimanjaro. Mgeni anatua na ndege kutoka pwani, anapiga glasi mbili za haraka, kichwa kinamgonga. Ndiyo maana kila kinywaji nakisindikiza na glasi ya maji, aombe asiombe.

Pesa? Ipo, ila haipo kwenye mshahara. Mwaka 2024 kima cha chini Colorado kilikuwa dola 14.42 kwa saa, lakini sisi tunaopokea tipu mwajiri aliruhusiwa kutulipa 11.40. Kinachokulisha ni ile asilimia 20 anayoiacha mteja. Wiki ya Krismasi unacheka. Katikati ya Aprili mlima unafungwa, mji unanyamaza, baa kadhaa zinafunga kwa wiki kadhaa, na kodi ya nyumba haijui kwamba wageni wameondoka.

Tena nyumba yenyewe haiko Aspen. Nani ataiweza? Tunaowahudumia tunalala huko bondeni, Carbondale, Glenwood Springs, wengine mbali zaidi. Nikishafuta kaunta, nikamwaga barafu iliyobaki na kugawana tipu na vijana wa jikoni, ninachokimbilia ni basi, siyo dansi. Ndani ya basi hilo ni Kihispania kitupu, watu wa Mexico na El Salvador, nusu wamesinzia na sare zao ndani ya makoti. Starehe yangu ninaipata siku ya mapumziko, nyuma ya jengo letu, hao hao wakichoma nyama. Wanajua kuchoma, wasikudanganye kwamba ni sisi tu.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kazi ya msimu, njoo Desemba, usije Mei. Na kabla hujauliza mshahara, muulize mwajiri kama anakupa chumba.