Kambi ya vijana wa lugha tofauti: pangeni makundi kabla ya kutafuta mkalimani

Walezi wa vijana wanaotaka kuandaa kambi ya pamoja huku Kanda ya Ziwa huniuliza kwanza, karibu wote: mkalimani tutampata wapi? Swali zuri, na nitalijibu. Ila kwa muda niliohudumu kwenye kambi hizi za ufukweni, Mwanza na wilaya za jirani, nimeona kijana akitafsiriwa mahubiri neno kwa neno, asubuhi hadi usiku, kisha anapanda basi kurudi kwao bila kujua jina la mwenzake hata mmoja wa lugha nyingine. Neno amelisikia, ila ndugu hakupata.

Mwanza imekaa pazuri kwa kazi hii. Waganda huingilia Mutukula wakapitia Bukoba, Wakenya huingilia Sirari wakashuka na Tarime na Musoma, Wanyarwanda huja kwa Rusumo, Warundi kwa Kabanga. Na hata msipoalika mtu wa nje, mkikusanya vijana wa kwetu tu mtakuwa na Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wazinza, Wahaya na Waluo wa Rorya. Hao wote wanajua Kiswahili, kwa hiyo viongozi hudhani hapo hakuna kazi. Kazi ipo. Kijana aliyekulia kijijini Magu au Misungwi anazungumza kwa lafudhi ya nyumbani, na wa mjini wakimcheka mara moja tu siku ya kwanza, hatafungua kinywa tena mpaka kambi inavunjwa. Jambo hili huniuma sana, maana mara nyingi ni kijana ambaye wazazi wake wamejinyima ili aje.

Ndiyo maana tangazo la kwanza siku ya kufungua huwa hili: hakuna kucheka matamshi ya mtu, na utani wa makabila tunauacha getini. Sisi Watanzania tumelelewa na utani huo na hatuoni ubaya wake. Mgeni kutoka Burundi au Rwanda hajui kwamba mnataniana. Kwao, kumtaja mtu kwa kabila lake kuna historia nzito, na kijana aliyesimuliwa na wazazi wake mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 hawezi kucheka nanyi.

Sasa makundi. Yapangeni kabla vijana hawajafika, kwa karatasi ya majina mkononi. Mkisubiri washuke kwenye basi, watakaa na waliosafiri nao na hamtawatenganisha tena. Watu wanane kwa kundi wanatosha. Kila lugha iwe na wawili: mmoja peke yake atakuwa mpweke, na wanne watajitenga wawe kambi ndani ya kambi. Kundi hilo hilo lilale bweni moja (wasichana kwao, wavulana kwao), lile meza moja, lioshe sufuria pamoja na lisome Biblia pamoja.

Kazi za mikono msizidharau, wala msiajiri wapishi wa kufanya kila kitu. Mpeni kundi ungo wa dagaa wazichambue kabla hazijakaangwa. Nimekaa na mabinti waliokuwa wakifanya kazi hiyo, Mganda, Mkerewe na wawili wa Mwanza mjini. Mkerewe alikuwa na mkono mwepesi: anakamata dagaa, kichwa kinatoka kwa kucha ya dole gumba, mchanga unapukutwa, anachukua mwingine. Yule Mganda alitazama vidole vyake kwa muda, akaiga, akakosea, akashikwa mkono na kuonyeshwa. Wa mjini nao ikabidi wafundishwe. Hapakuwa na mkalimani, na mchana huo walikaa benchi moja bila kuambiwa na mtu.

Kwa kujifunza Biblia, chagueni simulizi. Barua za Paulo ni ngumu kwa kundi lisiloelewana vizuri, lakini kitabu cha Ruthu kina sura nne tu, kinaigizika, na mhusika wake mkuu ni binti wa Moabu aliyejikuta ugenini. Kila kijana aje na Biblia ya lugha anayoipenda. Kwa kuwa sura na mistari ni ile ile, mmoja anasoma kwa Kiswahili, anayefuata anarudia mstari huo kwa Kiluganda au Kisukuma, na wote wanajua wako wapi. Na katika maombi, mwacheni mtu aombe kwa lugha aliyofundishwa na mama yake. Siku ya Pentekoste, Matendo sura ya 2, kila mtu alisikia kwa lugha yake mwenyewe. Mungu hakuwalazimisha wajifunze moja kwanza.

Nirudi kwa wakalimani. Wawe wawili wa kupokezana, maana baada ya nusu saa mtu amechoka na anaanza kuruka sentensi. Mimi huchagua kijana anayesoma Biblia katika lugha zote mbili kuliko mzee mwenye cheo, kwa sababu mzee huongezea mahubiri yake. Mhubiri ampe mkalimani maandiko na mambo makuu usiku uliotangulia, azungumze kwa sentensi fupi, na ajue kwamba ujumbe wa dakika 40 utakula saa moja na dakika 20. Afupishe mwenyewe kabla hajapanda.

Halafu kuna lugha ambayo waandaaji wengi hawaiweki kwenye hesabu: lugha ya alama. Mkiwa na vijana viziwi, ibada ya jioni ipangwe kwa ajili yao tangu mwanzo. Taa imwangazie mkalimani, mikono na uso, hata kama mhubiri atabaki gizani. Umeme ukikatika, wengine wanaendelea kusikia lakini wao wameachwa nje, kwa hiyo taa ya kuchaji iwe tayari mezani. Kwenye moto wa usiku wakalishwe upande ambao mwanga unamfikia mkalimani.

Ziwa nalo lina tangazo lake, na hilo ndilo la kutafsiriwa kabla ya mahubiri yoyote, kwa lugha zote, siku ile ile wanapofika: hakuna kuoga wala kuogelea ziwani. Kichocho kipo, hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ambako konokono wake hukaa, na kuna sehemu zenye mamba. Vijana wa kutoka mbali na ziwa hawajui, na wakiona maji wanakimbilia.

Makaratasi yaanze miezi kadhaa kabla: hati za kusafiria, barua ya mzazi kwa kila aliye chini ya miaka 18, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi ambazo wasafiri wake hudaiwa kadi hiyo. Kijana mmoja akikwama mpakani basi zima linasubiri, kwa hiyo nakala zote akae nazo mlezi anayesafiri nao.

Baada ya kambi, kundi kubwa la WhatsApp hujaa picha wiki mbili kisha hunyamaza. Fungueni madogo ya wale wanane wanane, na mmoja wao apewe kazi ya kuuliza kila Jumapili jioni nani anahitaji kuombewa. Watume sauti badala ya kuandika. Anayeogopa kuandika Kiswahili huwa haogopi kukizungumza kwa watu alioosha nao sufuria.