D na T: Kusoma Namba za Kasha Kabla Hujatoka Nyumbani

Jiokeshingi ni mchezo wa kutafuta, kwa GPS, makasha yaliyofichwa na wachezaji wengine. Ukifungua ukurasa wa kasha lolote kwenye tovuti ya mchezo huo, Geocaching.com, utakuta namba mbili zimeambatana na herufi D na T, kwa mfano D2/T1.5. Wanaoanza jiokeshingi huzichanganya kichwani: namba ndogo ni rahisi, kubwa ni ngumu, basi. Wengi hukata tamaa mapema kwa kosa hilo moja, kwa sababu namba hizi zinajibu maswali mawili yasiyohusiana.

T (terrain, yaani ardhi) ni ya miguu: njia ya kulifikia kasha ikoje? D (difficulty, yaani ugumu) ni ya macho na akili: ukishafika, itakugharimu nini kuliona, kulifungua na kuandika jina lako kwenye karatasi iliyomo ndani? Kasha la D1/T5 laweza kuwa sanduku lililowekwa wazi kabisa, ila liko kwenye kisiwa kisicho na daraja. La D5/T1 laweza kuwa hatua ishirini tu kutoka kituo cha basi, nawe ukarudi nyumbani mikono mitupu mara tatu.

Kila namba huanzia 1 hadi 5 kwa kupanda nusu nusu. Hizo ni ngazi 9 kwa kila upande, na michanganyiko 81 kwa jumla.

Tuanze na njia. T1 ni ahadi: mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kufika na kulichukua kasha mwenyewe, bila kubebwa wala kuinuliwa, na umbali hauzidi takriban mita 800. T1.5 bado ni tambarare na karibu, lakini panaweza kuwa na nyasi, mchanga au ukingo wa barabara. Kwa mwenye miguu mizima nusu hiyo si kitu. Kwa anayetumia kiti ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kwenye kipimo hiki, kwa hiyo siku utakapoficha kasha lako usiandike T1 kwa sababu tu "ni karibu". T2 kwa kawaida ni matembezi yasiyofika kilomita 3 kwenye njia inayoeleweka. Kuanzia T3 tegemea mwendo mrefu zaidi, miinuko au vichaka. T4 ni makorongo na miteremko mikali, mara nyingi nje ya njia. T5 maana yake unahitaji kifaa maalumu: mtumbwi, kamba za kukwea, vifaa vya kuzamia. T5 ya kupiga kasia dakika kumi kwenye ziwa tulivu inaweza kukuchosha kidogo kuliko T4 ya mlimani. Swali lake ni kama kifaa unacho, na kama unajua kukitumia.

Kumbuka pia kwamba T huandikwa na mwenye kasha, akiwa na hali fulani ya hewa kichwani. Njia ya T2 wakati wa kiangazi huwa utelezi wakati wa masika. Pwani mambo ni makali zaidi. Dar es Salaam na Zanzibar, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa hufika karibu mita 4. Kasha lililofichwa chini ya jiwe ufukweni laweza kuwa T2 saa nne asubuhi na halifikiki kabisa saa kumi jioni. Angalia jedwali la maji kwanza, uende maji yakiwa yanakupwa, siyo yakianza kujaa.

Sasa ugumu wa kutafuta. D1 ni ya dakika chache, D1.5 kama dakika 10 hadi 15, D2 hadi nusu saa. D3 inaweza kula sehemu nzuri ya mchana. Kuanzia D4 unahitaji ujuzi maalumu, maandalizi au safari zaidi ya moja. Lakini muda huo ni wa mtu aliyekwisha kuona maficho kadhaa. Wewe ambaye hujajua bado kwamba kichwa cha bolti kinaweza kuwa na tundu ndani, au kwamba kibati kinashikwa na sumaku nyuma ya kibao, jipe mara mbili yake.

D isisomwe bila ukubwa wa kasha. Makasha madogo kabisa hayafiki mililita 10, sawa na ncha ya kidole. Daraja linalofuata huishia mililita 100, kama kikopo cha filamu ya kamera. Kisha dogo, hadi lita 1, na la kawaida, lita 1 hadi 20. D2 ya sanduku la lita 3 msituni na D2 ya kidude cha sumaku kwenye uzio wa chuma ni kazi mbili tofauti kabisa. Kalamu ubebe mwenyewe, maana kwenye vidude hivyo haiingii, na kibano kidogo cha nyusi husaidia kuvuta karatasi iliyoviringwa.

Aina nayo inabadilisha maana ya D. Kasha lenye alama ya kuuliza kwa kawaida halipo mahali ramani inapoonyesha. Lazima utegue fumbo ndipo upate namba zenyewe za latitudo na longitudo, na D humo inachanganya fumbo na utafutaji. Wengi huenda kupekua kwenye alama ya ramani saa nzima wakati kasha liko kilomita 2 kutoka hapo.

Kwa makasha matano ya kwanza ushauri wetu ni huu: aina ya jadi, yaani lile lililopo hasa penye alama, D na T zisizidi 1.5, ukubwa usiopungua dogo, na liwe limepatikana ndani ya mwezi uliopita. Ukikaribia mita 5, iweke simu mfukoni. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, na chini ya miti mizito au kati ya maghorofa hukosea zaidi. Aliyeficha naye alikosea kidogo. Tafuta ndani ya duara la mita 10. Ukiandika namba za latitudo na longitudo kwa mkono, hakiki tarakimu: sehemu moja ya elfu ya dakika ya latitudo ni kama mita 1.85, kwa hiyo kukosea tarakimu ya kwanza baada ya nukta kunakupeleka angalau mita 185 pembeni.

Kisha soma ripoti tano za mwisho. DNF, yaani mtu alitafuta asipate, haina maana moja. DNF tatu mfululizo kwenye D1.5 karibu kila mara zinasema kasha limepotea. DNF tatu kwenye D4 ni jambo la kawaida. Hili lina uzito kwetu Afrika Mashariki, ambako makasha ni machache na yametawanyika, na jingine hukaa miaka bila kutembelewa. Hapo tarehe ya mwisho kupatikana ina thamani kuliko D yenyewe.

Usipopata, andika DNF, na useme ulitafuta muda gani na wapi. Ukikuta namba hailingani na hali halisi, andika kwa upole na kwa kipimo: "Mvua imekata daraja, nimevuka maji ya magoti, kwangu hii ni T3." Mwenye kasha hurekebisha namba kwa maneno kama hayo, na mwenye mtoto mgongoni atakayesoma kesho atajua abaki nyumbani au aende.