Tasnifu yenye wasimamizi wawili: andika swali kabla ya kuwasha tanuru

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyeko Moshi, anayefanya utafiti wa vichujio vya maji vya udongo wa kuchoma. Aliniuliza kama ni busara kuacha masomo, kwa sababu wasimamizi wake wawili, mmoja mhandisi na mwingine mkemia, wamemrudishia sura moja ya tasnifu ikiwa na maelekezo yanayopingana. Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Mimi nilitetea tasnifu yangu Novemba iliyopita, baada ya kutumia miaka minne katika kozi ya miaka miwili, na hakuna alichokieleza ambacho sikukipitia. Namjibu hapa kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Utafiti wangu ulihusu mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaotumika kuondoa floraidi, madini ambayo yakizidi katika maji ya kunywa huharibu meno. Mtu wa Arusha hahitaji kuelezwa sababu, kwani miamba ya volkano ya Meru huingiza floraidi katika chemchemi na visima vyetu, na meno ya kahawia ya watu waliokulia Maji ya Chai na vijiji jirani ni ushahidi wa kutosha. Nami nimekulia huko, na tangu nikiwa msichana mdogo nilijizoeza kucheka nikiwa nimefunga mdomo. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kisima nilichochotea sampuli kilikuwa na miligramu 8. Mifupa ina madini ya kalsiamu na fosfati yaitwayo haidroksiapataiti, na ikichomwa vizuri, floraidi iliyo ndani ya maji huja kukaa mahali pa haidroksili (kundi la oksijeni na hidrojeni) katika madini hayo. Jambo hilo si ugunduzi wangu, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimelifanyia kazi kwa miaka mingi. Mimi nilitaka kujua habari ya joto la kuchomea.

Matatizo yalianzia hapo. Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa mtaalamu wa sayansi ya nyenzo, na kwake nyenzo nzuri ni ile yenye fuwele zilizokamilika. Wa pili alikuwa mtaalamu wa maji, na kwake nyenzo nzuri ni ile inayoyaacha maji yakiwa salama. Nilidhani maneno yao yana maana moja, na kwa mwaka mzima nilimtii kila mmoja kwa zamu yake.

Naikumbuka vizuri asubuhi niliyofungua tanuru baada ya kuchoma kwa nyuzi 900 za Selsiasi. Vipande vya mifupa vilikuwa vyeupe kama chaki, na nilipovimimina kwenye sinia vililia kama vigae. Nilivipeleka kwenye kipimo cha eksirei kinachoonyesha muundo wa fuwele, na mchoro ukarudi ukiwa na vilele vyembamba, virefu, vilivyosimama wima kama miti ya grevilea mpakani mwa shamba, dalili ya fuwele zilizokamilika. Msimamizi wa kwanza alifurahi sana, akaniambia nianze kuandika, nami nikaandika sura nzima. Miezi mitano baadaye nilipitisha maji ya kisima katika mkaa ule. Yaliingia na miligramu 8 yakatoka na miligramu 7 na ushei.

Sababu haikuwa ngumu, lakini hakuna aliyekuwa ameniambia. Joto likizidi, fuwele ndogondogo huungana na kukua, vitundu huziba, na eneo ambalo floraidi ingeweza kushikamana nalo hupungua. Vilele vilivyosifiwa ndivyo vilivyokuwa dalili ya mkaa usiofaa. Niliposhuka hadi nyuzi 500 na kuzuia hewa isiingie kwa wingi, mkaa ulitoka wa kijivu kilichoelekea weusi, vilele vyake vikawa vifupi na vipana, na maji yakatoka yakiwa chini ya miligramu 1.5. Nilipojaribu kushuka zaidi, mabaki ya nyama na mafuta hayakuungua yote, na maji yakawa na harufu ambayo hakuna mama angekubali kuyapikia chai.

Kati ya matokeo hayo mawili kulikuwa na semina ambayo mpaka leo inaniuma. Mhadhiri mmoja alisimama mbele ya wanafunzi wenzangu akasema kwamba kazi yangu si sayansi ya nyenzo wala si kemia ya maji, na kwamba mtu asiyejua fani yake hapaswi kupewa shahada. Wasimamizi wangu wote wawili walikuwa wamekaa mstari wa mbele, na hakuna aliyefungua kinywa. Nililia ndani ya daladala kutoka Tengeru hadi Kilombero, mjini Arusha, na kwa wiki sita sikukanyaga maabara.

Aliyenirudisha ni fundi sanifu wa maabara, mzee aliyekuwa amewaona wanafunzi wengi wakija na kuondoka. Aliniambia, "Binti yangu, unafanya kazi ya huyu na kazi ya yule. Ya kwako ni ipi?" Usiku ule niliandika sentensi moja: ni joto gani la kuchomea mifupa ya ng'ombe linaloupa mkaa uwezo mkubwa zaidi wa kuondoa floraidi katika maji ya kisima, na muundo wa mkaa huo unaelezaje tofauti hiyo? Niliichapa, nikaomba kikao cha watu watatu, na nikahakikisha wote wawili wameisaini. Tangu siku ile maji yakawa ndiyo yanayotoa hukumu, na eksirei ikawa na kazi ya kueleza sababu ya hukumu hiyo. Hili ndilo ninalotaka mwanafunzi wa taaluma mtambuka alishike kwa nguvu zote: fani moja iulize swali na nyingine isaidie kulijibu. Zikiuliza zote mbili, utaandika tasnifu mbili nusunusu.

Swali hilo hilo ndilo litakalokufundisha kukata. Nilikuwa nimekusanya mazungumzo na kaya kadhaa kuhusu kuukubali mkaa wa mifupa, na mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, mifupa hii ni ya mnyama gani, na alichinjwa na nani?" Ni swali zito, kwa maana mtu hawezi kunywa maji yanayomsumbua dhamiri. Lakini halikuwa swali langu, na sura niliyoipenda kuliko zote ikabaki aya moja katika mapendekezo. Ndugu zangu, tusipende kurasa zetu kuliko swali letu. Andika swali, libandike ukutani, lirudie kila asubuhi, na andika mbinu zako siku ileile unapozitumia. Mtahini wa nje aliponiuliza tanuru lilipanda nyuzi ngapi kwa dakika, nilimjibu 10 bila kusita, kwa kuwa ilikuwa kwenye daftari langu la maabara, pamoja na tarehe.

Kaka wa Moshi, usiache masomo wiki hii. Yaweke maelekezo ya wasimamizi wako wawili kwenye karatasi moja, upande kwa upande, na upigie mstari kila mahali yanapopingana. Nadhani utakuta ni mahali pawili au patatu tu, kama ilivyokuwa kwangu. Kisha waombe wakae nawe chumba kimoja, hata kwa nusu saa, wala usikubali kubeba maneno ya mmoja kumpelekea mwingine. Wakikataa kukaa pamoja, peleka karatasi hiyo kwa mratibu wa uzamili wa idara yako, kwa adabu na kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mimi nilichelewa miaka miwili kuifanya kazi hiyo ya nusu saa.