Matiti yameacha kuuma ghafla, mimba bado ipo?

SWALI: Shikamoo anti. Niko Mbagala, mimba yangu ya kwanza ina wiki 8. Matiti yalikuwa yananiuma mpaka sidiria sivai, sasa tangu juzi yamelainika hayaumi kabisa. Damu sijaona, tumbo haliumi, ila wifi kaniambia matiti yakishalala ujue mimba ishatoka. Silali anti, nisaidie.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Hayo maneno ya wifi yanawatesa wadada wengi bure, maana matiti peke yake hayasemi kama mimba ipo au haipo. Yanauma kwa sababu ya homoni zinazopanda mwanzoni, na maumivu yanakuja yanapoa yanarudi tena, wengine kuanzia wiki ya 8 mpaka ya 12 yanapungua yenyewe kwa sababu mwili ushazoea na kondo la nyuma limeanza kubeba kazi, na mtoto yuko salama tu. Kwa hiyo acha kuyabonyeza kila saa, utayaumiza bure.

Ila sitakudanganya, kuna mimba zinasimama kukua kimyakimya bila hata tone la damu, ndo maana nataka ukapige utrasaundi wiki hii. Wiki ya 8 mapigo ya moyo yanatakiwa kuonekana. Dokta asipoyaona usikubali haraka kwamba imeisha, huenda tarehe zimekosewa, omba kurudia baada ya wiki moja au mbili. Kipimo cha mkojo hakitakusaidia hapo, kinaweza kusoma ipo hata siku nyingi baada ya mimba kuharibika. Na dawa za kienyeji za kushikilia mimba naomba usiguse kabisa.

Ukiona damu, au tumbo linabana sana, usisubiri asubuhi. Ukisikia maumivu makali upande mmoja, bega linauma au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi na inaua, chukua bajaji, bodaboda, chochote, nenda hospitali ya Rangi Tatu au ya Temeke usiku huohuo.

Na ikitokea imetoka, mdogo wangu, sio kwa sababu ulibeba ndoo au uligombana na mtu. Nyingi zinazotoka mapema ni kasoro za kromosomu, yaani vile vibeba vinasaba vya mtoto, tangu mimba inatunga.

Kama hujaanza kliniki anza sasa kabla ya wiki ya 12, nenda na mumeo, na vidonge vya foliki asidi endelea navyo.