Kabla ya Kuigawanya Namba Kubwa, Chunguza Ilivyojengwa

Nilipoanza kuchunguza namba kubwa nilijua njia moja tu, nayo ni kugawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine, 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea, mpaka nipate isiyoacha baki. Namba iliyonitoa katika mazoea hayo ni 4,294,967,297. Niliigawanya kwa mkono jioni kadhaa, na nilipokaribia 500 nikakata tamaa, nikaandika daftarini kwamba ni namba tasa. Nilikosea, na hadi leo nasikitika kwamba sikujiuliza kwanza namba ile imetokana na nini.

Imetokana na 2 iliyopewa kipeo cha 32, kisha ikaongezwa 1. Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba namba za ukoo huu, ambazo kipeo chake ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, nazo zinaanza na 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote ni tasa, na hizo tano kweli ni tasa. Hii ya sita ndiyo iliyovunja dhana hiyo mwaka 1732, pale mwanahisabati Mswisi Euler alipopata kigawo chake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: umbo la namba likikupa sharti juu ya vigawo vyake, litumie kabla hujagawanya hata mara moja. Hapa sharti ni kwamba kila kigawo tasa, kikigawanywa kwa 64, yaani mara mbili ya kile kipeo 32, lazima kiache baki 1. Orodha inakuwa 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ukiondoa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Nne za kwanza zinaacha baki. Ya tano haiachi, na jibu ni 6,700,417. Kwa njia yangu ya zamani, 641 ni namba tasa ya 116, na kama namba ile ingekuwa tasa kweli, ningelazimika kuzimaliza zote 6,542 zilizo chini ya 65,536 ndipo niwe na hakika.

Usiache kuhakiki zidisho lako. Jumla ya tarakimu za namba yetu ni 59, ambayo ikigawanywa kwa 9 inaacha 5. 641 inaacha 2, 6,700,417 inaacha 7, na 2 mara 7 ni 14, ambayo nayo inaacha 5. Hakiki hii hufichua makosa mengi, ingawa haithibitishi kwamba hakuna kosa.

Hiyo 6,700,417 nayo usiidhanie kuwa tasa kwa kuitazama tu. Kigawo chake chochote ni kigawo cha namba kubwa pia, hivyo sharti lilelile linaibana, na kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Zinazobaki kujaribiwa ni saba tu: 641 yenyewe, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Zote zinaacha baki.