Pima AdBlue kabla ya kununua sensa

Kaka, umesema ekskaveta imewasha taa ya ubora wa AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi wa injini ya dizeli), injini imekosa nguvu, na fundi anataka mnunue sensa mpya, yaani kifaa kinachopima ubora huo. Subiri kwanza. Huenda sensa inasema kweli.

AdBlue ni urea asilimia 32.5, inayobaki ni maji yaliyoondolewa madini. Chota kidogo kwenye tangi lenyewe, si kwenye dumu, uweke kwenye chupa safi ya kioo na uitazame juani. Inatakiwa iwe angavu kama maji. Ukiona utando wa mafuta unaelea, kuna aliyemimina dizeli humo, na hilo ni balaa kubwa kuliko sensa. Kisha weka tone kwenye refraktomita ya urea, kifaa kidogo cha kupima asilimia ya urea. Ikisoma 25, imechanganywa na maji. Hata ukifunga sensa mpya, kosa litarudi lile lile.

Ikisoma sawa, hamia kwenye nyaya. Zima swichi, ngoja dakika chache pampu irudishe AdBlue tangini, ndipo ukate betri. Fungua soketi ya sensa. Unga mweupe kwenye pini ni urea iliyopenya, nayo huila shaba kimyakimya, hata ndani ya waya usipoiona. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha vizuri, vuta kila waya taratibu. Rudisha betri, upime volti zinazofika hapo na waya wa hasi.

Na kama mlijaza tangi muda mfupi kabla ya taa kuwaka, niambie. Sensa nyingi hupima kwa mawimbi ya sauti, na mapovu huzichanganya.