Wachanga wanalala chali, na wewe hulali: jibu kwa dada wa Segerea

Dada mleta uzi, umesema unataka kulea watoto wanne wa chini ya mwaka mmoja nyumbani kwako Segerea, una godoro kubwa la kuwalaza wote pamoja, na mama mkwe kakushauri wawe kifudifudi wasije wakapaliwa na cheuo. Mimi nalea watoto wa watu hapa Tabata, nilianza na wa majirani kabla sijaandikisha kituo. Nitakujibu kwa kirefu, maana ukiwa na wachanga, muda wa kulala ndio wenye kazi kuliko yote.

Hilo la mama mkwe kwanza. Walaze chali. Kila mtoto, kila usingizi, hata ule wa dakika kumi, mpaka atimize mwaka. Ubavu nao hapana, kwa sababu akijisukuma kidogo tu tayari yuko kifudifudi. Hofu ya kupaliwa naielewa, ila tazama maumbile yalivyo: mtoto akilala chali, njia ya hewa inakaa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yakirudi inabidi yapande ndipo yaingie kwenye hewa. Mgeuze kifudifudi uone: maziwa yanashukia palepale anapovutia pumzi, na pua imezama kwenye godoro anarudia kuvuta hewa aliyokwisha kuitoa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ushauri wa kutowalaza kifudifudi mwaka 1992, kampeni ya nchi nzima ikaanza 1994, na vifo vya ghafla vya wachanga usingizini vikapungua kule kwa karibu nusu. Wewe mcheulishe vizuri akishanyonya, mshike wima begani kidogo, halafu mlaze. Chupa usimwegemezee kwenye mto ukaondoka.

Utapata mama atakayekuambia, "Huyu wangu bila kifudifudi halali." Mimi huwa nawajibu, "Mama, kwangu wote chali. Siku za mwanzo atalia, nitambembeleza, atazoea." Anayetaka tofauti aniletee karatasi ya daktari. Tena sikiliza hili: mtoto aliyezoea chali kwao, kisha mlezi akamlaza kifudifudi, yuko hatarini zaidi kuliko aliyezoea kifudifudi siku zote. Ndiyo maana siku ya kuandikisha namuuliza mama kwa kina mtoto analala vipi nyumbani. Akishaweza kujigeuza mwenyewe huku na huku, mlaze chali, akijigeuza mwache. Ila akianza tu dalili za kujigeuza, kumfunga kwa kanga mikono ndani kumeisha.

Godoro moja la wote, hapana. Wachanga wanapigana mateke, mmoja anambingirikia mwenzake. Kila mmoja na kitanda chake. Usikimbilie vya dukani vyenye madoido, nenda Keko kwa fundi seremala umwelekeze. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Kopo la soda likipita hapo, mwambie arudie. Godoro liwe gumu na lijae kitanda, vidole viwili visipenye pembeni. Shuka moja iliyobana, basi. Mto hapana, blanketi hapana, mwanasesere hapana, na zile pindo za sponji wanazozungushia kitanda kwa urembo zitoe. Ukikosa hela ya vitanda vyote, kigodoro kigumu cha mtoto mmoja juu ya mkeka, mbali na ukuta, kinafaa kuliko sofa. Sofa ni mtego. Kiti cha gari nacho, mtoto akifika amesinzia humo, mtoe. Kichwa kinainama, kidevu kinagusa kifua, hewa inabanwa.

Sasa joto letu hili. Asubuhi mama anakuletea mtoto kavishwa sweta, kofia ya uzi na soksi mbili, Januari, Dar! Anaogopa upepo wa bodaboda, simlaumu. Lakini akilala kofia inatoka, maana joto jingi la mchanga linatokea kichwani, na kofia ikiteleza inafunika pua. Weka vidole nyuma ya shingo yake. Pakiwa na jasho, punguza nguo. Mikono isikudanganye, ya mchanga huwa ya baridi hata akiwa mzima. Feni ipulizie ukutani, na umeme ukikatika fungua madirisha mara moja. Neti ichomekwe chini ya godoro na ikazwe, isining'inie karibu na uso. Jiko la mkaa lisikae ndani wala dirishani hata kama la jirani, gesi yake haina harufu. Ubani na dawa ya mbu ya kuchoma, visubiri watoto waondoke.

Shanga na hirizi za shingoni sibishani na imani ya mtu. Wakati wa kulala navua, natia kwenye mkoba wa mtoto, jioni namvalisha mbele ya mama yake. Hajawahi kununa mtu.

Kama utachukua na wakubwa, watenganishe kwa mlango. Nilikuwa na binti wa miaka miwili, mpole kabisa. Mchana mmoja nilimkuta anapanda kitanda cha mchanga ameshika mto wa sofa, nikamuuliza, akanijibu, "Namfunika, baridi." Alikuwa na huruma ya kweli, na mto ulishafika kifuani.

Kuhusu kuwaangalia: hutakuwa chumba kingine unafua. Kaa humohumo. Pazia lisitie giza kiasi cha kushindwa kuona rangi ya midomo. Kila baada ya dakika kumi inuka, tazama kifua kinapanda na kushuka, uso uko wazi. Simu sawa, ila bila kuvaa visikilizio. Kwa maoni yangu wachanga watatu kwa mtu mzima mmoja ndio mwisho, hao wanne tafuta msaidizi.

Dawa. Kuna walezi, na tunajuana, wanaowapa watoto Piriton au dawa ya kikohozi walale wote pamoja. Inamzamisha mtoto usingizini asiweze kushtuka pumzi ikiziba. Kuna wazazi wanaileta wenyewe: "Mpe kidogo, anasumbua." Irudishe mkononi mwake. Dawa napokea iliyoandikwa na daktari tu, yenye jina la mtoto na saa.

Kabla hujapokea hata mmoja, jifunze kumpa mchanga pumzi na kumkandamiza kifua. Msalaba Mwekundu wanafundisha huduma ya kwanza. Nenda pia ustawi wa jamii ukaandikishe, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka hivyo.

Swali lako la mwisho, kama binti wa kazi wa miaka kumi na minne anaweza kukushikia wakati wa kulala ukienda gengeni: hapana. Nunua mboga asubuhi kabla hawajafika.